Kona za Uwanja Mtupu

Wenzangu mnaobaki kazini mmeniomba niwaandikie yale ambayo hayamo katika mafunzo. Nimekubali, kwa sharti kwamba sitagusia vyeo wala mishahara, kwa sababu havikunifundisha lolote na pia kwa sababu havikuwa vya kusimuliwa. Nitawaeleza habari za sanduku la mbao, za mtu aliyenifundisha kulitumia, na za uwanja mmoja wa shule ambao hata leo siwezi kuuvuka moja kwa moja.

Nilizaliwa Londiani, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Nyeri wakitafuta shamba la viazi. Nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka kadhaa, nikarudi chuoni kusomea saikolojia ya elimu, kisha nikaajiriwa kupima watoto katika shule za Kericho na Bomet. Kazi yenyewe mnaijua. Walimu wakishindwa na mtoto, wanatuita. Tunakaa naye, tunampa vitu vya kufanya, na mwishowe tunapendekeza abaki darasani na kusaidiwa, au ahamishiwe shule maalumu ya bweni. Pendekezo ni sentensi moja tu, lakini kuna jiko mahali fulani ambamo sahani moja hupungua kwa sababu yake.

Siku ya kwanza nilifika ofisini nikiwa na faili nene na viatu visivyofaa. Aliyenipokea alikuwa Mwalimu Koskei, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua hata wakati wa kiangazi, kwa hoja kwamba jua la Kericho si la kuaminiwa. Aliniuliza nimekuja na nini. Nikamjibu kwamba nimekuja na nadharia ya akili nyingi, na bila kuombwa nikaanza kumfafanulia: kwamba mtaalamu mmoja wa Marekani alikataa dhana ya akili kuwa kitu kimoja kinachopimwa kwa namba moja, kwamba kuna akili ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya nafasi na maumbo, ya muziki, ya mwili na mwendo, ya kuelewa watu, ya kujielewa nafsi, na nyingine, aliyoiongeza baadaye, ya kuelewa viumbe na mazingira. Mwalimu Koskei alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wakubwa wengi hawaliwezi.

“Nane,” akasema. “Na mtoto ambaye hajakunywa chai asubuhi, Madam, ana ngapi?”

Kisha akanikabidhi sanduku. Ndani yake mlikuwa na visanduku vitupu vya viberiti, vizibo vya soda, kamba, kengele ya mbuzi, kayamba, mbegu za aina mbalimbali na jiwe laini la mtoni. Nilimwuliza vifaa rasmi viko wapi. Akasema viko kabatini, vimefungiwa vizuri sana, na mwenye ufunguo alihamishwa. “Hivi havivunjiki,” akaongeza, “na vikiibwa hakuna atakayelia.”

Alinipa pia kanuni ambayo sikuikuta katika kitabu chochote. Kabla ya kumketisha mtoto mezani, tembea naye hadi chooni na kurudi. Nilidhani ni mzaha. Alieleza kwamba mtoto akiketi mbele ya mgeni huanza kuigiza, ama ujinga ama uerevu, kutegemea anachotarajiwa. “Lakini mtoto anayetembea hajui kwamba anapimwa. Tazama miguu. Miguu haijaenda shule.”

Kuhusu nadharia yenyewe, niwaambieni ukweli, kwa sababu sasa mtaala wa umilisi umeifanya iimbwe kila semina. Wanasaikolojia wengi wanaona ushahidi wake ni haba. Wanasema hizo zinazoitwa akili ni vipaji vilivyopewa jina kubwa, na kwamba anayefanya vizuri katika kipimo kimoja huelekea kufanya vizuri katika vingine pia. Wako sahihi kuliko nilivyotaka wakati nikiwa kijana. Hata hivyo sikuiacha. Kwangu ilikuwa kama tochi: haithibitishi kilichomo chumbani, lakini inakulazimisha kuangalia kwenye pembe. Kule Chepseon nilipelekewa binti aliyeandikwa kuwa kiziwi kwa sababu hakuitikia jina lake darasani. Nilitikisa kayamba nyuma yake, hakugeuka. Nikaendelea kutikisa kwa mdundo uleule hadi mkono ukachoka na nikakosea. Akacheka. Alikuwa amesikia kila kitu, ila hakuona kitu kinachostahili kugeukiwa.

Hiyo ndiyo kesi ninayopenda kuisimulia. Ile isiyopendeza kusimulia ndiyo hii.

Katika miaka yangu ya mwisho nchi ya chai ilikuwa imebadilika. Mashine za kuchuma zilikuwa zimeingia katika mashamba makubwa, na wachumaji walikuwa wakiondoka kambi baada ya kambi. Ungepita asubuhi kwenye barabara ya shamba na kuona safu za nyumba ambazo milango yake iko wazi yote, na mbele ya kila mlango kigogo cha kupasulia kuni kikiwa bado mahali pake. Kutoka ndani ya ukungu ungesikia mngurumo wa mashine lakini usione mtu. Zamani ukungu wa Kericho ulikuwa na sauti za watu wakiitana na kutaniana juu ya vikapu. Ukungu wa sasa una injini.

Shule niliyoitwa ilikuwa pembeni mwa shamba mojawapo la namna hiyo. Wanafunzi wengi sasa walitoka kwa wakulima wadogo ng'ambo ya mpaka wa shamba. Mwalimu mkuu, Bwana Kirui, alikuwa mtu mwema aliyechoka. Kwenye benchi nje ya ofisi yake aliketi bibi mmoja amekumbatia mwavuli kama anayekumbatia mtoto.

“Madam, huyu Cherono ametushinda,” Bwana Kirui alianza. “Haongei. Haandiki. Sawa, hao tunao wengine. Lakini huyu hata kutembea hatembei kama watu. Wazazi wananiuliza shule ni ya Mungu au ni ya nini. Nimepata nafasi katika ile shule maalumu ya bweni, inabaki tu wewe useme.”

Bibi alisema kutoka kwenye benchi, bila kugeuka: “Mwalimu, mlango wako hauna masikio lakini mimi ninayo.”

“Karibu ndani basi, Kogo,” Bwana Kirui akasema kwa aibu. Kogo ni nyanya kwa Kipsigis, na huyo alikuwa Kogo Esta, aliyemlea Cherono tangu mama yake apate kazi Nakuru.

“Siingii. Nasema hapa hapa. Mkimpeleka huko mbali, huyu mtoto atakufa. Si kwa ugonjwa. Ataisha tu. Na mimi nitabaki naongea na ng'ombe.”

Kengele ya mapumziko ikalia, na Bwana Kirui akanivuta dirishani. “Usiniamini mimi. Tazama.”

Uwanja wa shule ile ni mpana na tambarare, majani yake mafupi, hauna mti wala jiwe. Watoto waliumwagikia kutoka madarasani wakielekea vyooni, upande wa pili kabisa. Wa mwisho kutoka alikuwa msichana mwembamba wa miaka tisa hivi, sweta imefungwa vifungo vyote. Alitembea hatua kadhaa, akasimama, akageuka kushoto kama askari. Akaenda sambamba na kitu kisichokuwepo, akageuka kulia. Mahali pengine aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Hakuna kilichokuwa mbele yake isipokuwa majani na hewa.

“Kona!” watoto wakapaza sauti. “Kona, punguza gia! Kona, piga honi!”

Cherono hakuwatazama. Alipofika karibu na mwisho wa uwanja alifanya jambo lililonisimamisha nywele za mikono. Aliinua mguu ili aweke hatua, akauacha hewani, akaurudisha nyuma polepole. Kisha akapita kwa mzunguko mpana mno, akiwa ameegemea upande, kama wanavyopita watu kando ya maji wasiyojua kina chake.

Nilikumbuka kanuni ya Mwalimu Koskei. Mapumziko yalipokwisha na uwanja ukawa mtupu, nilimwomba Cherono anisindikize chooni. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka kwenye mikaratusi. Nilimfuata nikikanyaga alipokanyaga yeye: moja kwa moja, kushoto, kulia, inamisha kichwa. Nami niliinamisha. Niliona aibu, lakini niliinamisha. Kadiri tulivyokwenda ndivyo nilivyopata hisia ambayo sijui niiweke katika akili ipi kati ya zile nane: kwamba sauti ya hatua zetu ilikuwa ikibadilika, mara karibu, mara mbali, kama inavyobadilika unapotembea katikati ya kuta.

Tulipofika mahali pale pa mwisho nilisahau nikaenda mbele. Mkono ukanikamata sketi kutoka nyuma. Ulikuwa mkono mdogo, lakini ulinivuta kwa nguvu hata nikayumba. Niligeuka. Cherono alikuwa anatazama majani mbele ya viatu vyangu, midomo ameikaza. Tukazunguka.

Mezani alikuwa mtoto mwingine, mlegevu, kama aliyeachwa na mwenziwe uwanjani. Vizibo hakuvihesabu. Kengele hakuisikiliza. Mbegu alizichanganya. Lakini nilipomwaga viberiti na kumwambia anijengee nyumbani kwao, alivipanga bila kusita katika safu mbili zilizotazamana, akaacha ujia katikati, akaweka kizibo kimoja pembeni na kunyoosha kipande cha kamba kutoka kiberiti hadi kiberiti. Mwisho wa ujia aliliweka lile jiwe la mtoni, kisha akakunja mikono. Nyumbani kwao, nilijua tayari, ni nyumba moja ya mabati na zizi.

Niliandika kwamba akili ya nafasi na maumbo iko juu. Nilikuwa nimeanza kufurahi. Hapo ndipo Kogo Esta alipoingia kumchukua mjukuu wake, akaona meza, akajifunika mdomo kwa ncha ya leso.

“Nani amemwonyesha kambi?”

“Kambi gani, Kogo?”

“Hii.” Alinyoosha kidole bila kugusa. “Hapa ndipo bomba la maji. Hapa Wajaluo. Hapa sisi. Hii kamba tulikuwa tunaanika nguo. Waliibomoa kabla mama yake huyu hajaolewa, wakasawazisha, wakapatia shule uwanja.”

Nilimtuma Cherono nje, nikamwomba Kogo aketi. Alichonieleza nakiandika jinsi alivyokisema, kwa ufupi kidogo tu.

Kogo na mdogo wake, Taprandich, walikuwa wachumaji wakiishi katika kambi ile. Asubuhi moja ya ukungu, kabla ya king'ora cha kwenda kuchuma, Taprandich alitoka akiwa amevaa kabisa aproni yake ya plastiki, akamwambia dada yake anapitia chooni watakutana kwenye mizani. Hakuonekana tena. Watu walisema ametoroka na dereva wa lori. “Mimi nilikataa. Dereva mwenyewe alirudi, akaniuliza Taprandich yuko wapi, anadaiwa salamu. Lakini nani atamsikia mchumaji?”

“Na Cherono anahusikaje?”

Akanitazama kwa huruma. “Wewe ni wa Londiani lakini ni Mkikuyu. Nyinyi majina mnapanga kama foleni ya benki: wa kwanza wa baba, wa pili wa mama. Sisi tunauliza mtoto.”

Nilikuwa nimewahi kuisikia desturi hiyo, wanayoiita kurenet. Mtoto akizaliwa, wanawake wazee hutaja majina ya waliokufa katika ukoo, moja baada ya jingine, na jina linalotajwa wakati mtoto anapopiga chafya ndilo lake; huyo ndiye aliyerudi. Siku hizi wengi huiacha, au huifanya kimya kimya baada ya ubatizo ili pande zote ziridhike.

“Tulitaja, tukataja, mtoto amelala tu,” Kogo alisema. “Nikataja Taprandich. Wenzangu wakaniangalia, kwa sababu anaitwa aliyezikwa. Huyu sikumzika. Lakini nilikuwa nimemkumbuka, mwalimu. Na nilikuwa na ugoro kwenye kucha.” Alinyanyua kidole cha shahada, akakipitisha taratibu chini ya pua ya mtoto asiyeonekana. “Akapiga chafya. Wote wakacheka, wakasema amekuja. Hakuja. Mimi nilimvuta. Nilimwita mtu ambaye bado yuko njiani, na sasa yuko njiani ndani ya huyu mtoto.”

Mimi ni mtu wa kanisa, na ni mtu wa chuo. Nilikuwa na majibu mawili, na yote mawili niliyaweka kando. Nilimwuliza anataka nini.

“Nirudie kutaja majina. Nimwite kwa jina la aliyelala vizuri. Lakini kwanza msimpeleke.”

Jioni hiyo nilimpigia simu Mwalimu Koskei, aliyekuwa amestaafu na kurudi kwenye ng'ombe zake huko Bomet. Nilimweleza kila kitu, pamoja na ule mkono ulionishika sketi.

“Usiandike akili ya tisa,” akasema. “Andika apewe muhula mmoja. Mtoto akiwa na sisi, tunaweza kukosea tena. Akienda, tumekosea mara moja tu, na kwa jumla.”

Niliandika hivyo. Bwana Kirui hakufurahi, lakini alinikubalia muhula mmoja, si zaidi. Hamna dawa ya muhula mmoja katika saikolojia ya elimu. Nilichokuwa nimemnunulia Cherono ni nafasi ya nyanya yake kutaja majina.

Waliifanya upya kurenet wakati wa likizo, Jumamosi mchana, mchungaji akiwa kwenye semina Kericho. Sikuwepo na sikupaswa kuwepo. Kogo aliniambia baadaye kwamba hakukuwa na ugoro, na wanawake walimkagua kucha. Cherono, msichana mkubwa tayari, aliketi katikati yao kwenye kigoda akiwasikiliza wakitaja, na alipopiga chafya lilikuwa jina la mama mkwe wa Kogo, mwanamke aliyekufa kitandani kwake amezungukwa na watoto. “Mwanamke mgomvi sana,” Kogo alisema. “Lakini amelala.”

Muhula ulipofunguliwa nilirudi shuleni na sanduku langu. Mtoto aliyenilaki langoni alinisalimia kwa sauti, “Shikamoo, Madam,” na kuniuliza ndani ya sanduku kuna nini. Nilihitaji muda kumtambua. Alihesabu vizibo, akatofautisha mbegu, akakosea mdundo wa kayamba kama wanavyokosea watoto wote. Nilimwaga viberiti. Akajenga nyumba moja na zizi, akaliweka lile jiwe kuwa ng'ombe.

“Na ile nyingine?” nilimwuliza. “Ile ya safu mbili?”

“Gani, Madam?”

Alikuwa ananitazama usoni, kwa uwazi kabisa. Hakujua.

Bwana Kirui alikuwa anasugua mikono. “Amepona! Mimi sitauliza ni maombi au ni nini. Na anatembea! Si umeona?”

Sikuwa nimeona. Niliandika abaki darasani, tukatoka barazani na Kogo, aliyekuwa amenitengea chai kwenye chupa. Nilipaswa kuwa na furaha, na kwa sehemu kubwa nilikuwa nayo. Lakini kitu kilinisumbua. Mahali fulani kati ya zile safu mbili na nyumba hii moja, ujuzi mzima ulikuwa umeondoka, na mtu aliyekuwa nao hakujua hata kwamba ameupoteza. Nilijiuliza umekwenda wapi. Tunazungumza juu ya akili kana kwamba kila mtu ana zake, zimefungiwa kichwani mwake kama vile vifaa vya kabatini. Sijui tena.

Mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya risasi. Watoto walikuwa kule vyooni na kwenye mabomba wakati mvua ya mawe ilipoanza, kwanza kama mtu anayetupa kokoto mojamoja juu ya mabati, halafu yote. Mnajua mawe yetu. Watoto walipiga kelele na kuanza kukimbia kuelekea madarasani. Mbele yao wote alikuwa Cherono, mwepesi, sweta imefunguliwa, anakuja moja kwa moja.

Moja kwa moja. Miguu yangu ilijua kabla yangu. Nilihisi ule mvuto kwenye sketi, pale barazani, nyuma yangu kukiwa hakuna mtu isipokuwa ukuta.

“Zunguka!” nilipiga kelele. “Cherono! Zunguka!”

Hakuelewa. Aliniona nikipunga mkono, akanitii kwa vile watoto wa huku humtii mwalimu kabla ya kumwuliza sababu, akapinda ghafla. Waliokuwa nyuma yake wakaona, na utani wa zamani ukawarudia midomoni. “Kona!” wakaimba wakikimbia, mikono juu ya vichwa. “Kona! Kona!” Na wote, mstari mzima, wakazunguka mahali pale kwa mzunguko mpana, wakicheka, wakainama chini ya kamba ambayo hakuna aliyewahi kuiona, wakafika barazani wamelowa.

“Madam, unacheza na watoto kwenye mawe?” Bwana Kirui aliniuliza. Tulisimama tukitazama uwanja ukigeuka mweupe. Ulijaa weupe kutoka ukingo hadi ukingo, isipokuwa mahali pamoja karibu na mwisho, ambapo mawe yalianguka na weupe haukushika. Doa lilikuwa jeusi na la mviringo, na lilikuwa linapanuka. Kisha tukasikia ardhi ikishuka, sauti fupi na nzito, kama mtu mnene anapoketi.

Lilikuwa shimo la choo cha zamani cha kambi. Kogo ndiye aliyetueleza, akiwa amesimama kwenye ukingo na mwavuli wake siku iliyofuata, wakati mafundi walipokuwa wanaweka kamba. Juma lile alilopotea Taprandich, kambi ilikuwa imefunguliwa choo kipya, upande mwingine. Cha zamani kilifungwa kwa mbao zilizokwisha kuoza, na baada ya siku chache wakakimwagia udongo. Hakuna aliyetafuta mtu katika choo kilichofungwa.

“Kulikuwa na ukungu,” Kogo alisema. “Alikuwa na haraka. Kumbe alifuata njia ya zamani.” Alirudia mara kadhaa, si kwa kulia, kama mtu anayekagua hesabu. “Miguu ilimpeleka. Miguu tu.”

Kilichotangulia kutoka kilikuwa aproni ya plastiki ya mchumaji, ya manjano, imara kama imenunuliwa jana. Baada ya hapo mafundi walipanda juu, wakavua kofia, wakaomba polisi waitwe. Kogo aliitambua bangili. Walimzika Taprandich nyuma ya nyumba, na mchungaji alikuja, akasoma, na hakuuliza chochote.

Nimejaribu kuyaeleza haya kwa njia inayokubalika. Huenda Cherono alisikia watu wazima wakizungumza juu ya kambi akiwa mdogo, akahifadhi kila neno. Huenda majani juu ya msingi wa nyumba humea tofauti na jicho lake liliona tusiloliona. Huenda ardhi iliyo tupu chini hutoa mwangwi kwa mguu unaosikiliza. Kila moja ya hizo ni akili halali, na ningeitetea mbele ya jopo lolote. Ila hazielezi kwa nini zilimtoka zote mchana mmoja wa Jumamosi, wala kwa nini aliyebaki nazo ni mimi.

Basi, wenzangu, vifaa vya kabatini viko vizuri, na nimesikia ufunguo umepatikana. Vitumieni. Lakini tembeeni na mtoto kwanza, na mkanyage anapokanyaga, hata kama mnaona aibu.

Juma langu la mwisho kazini nilikwenda kuwaaga. Shimo lilikuwa limejazwa mawe na kuzungushiwa ua, na watoto walikuwa wakivuka uwanja popote walipotaka. Sasa Cherono ni mwenyekiti wa kikundi cha mjadala. Yule mama mkwe mgomvi, Kogo anasema, anafanya kazi yake. Cherono alisisitiza kunibebea sanduku. Tulitoka ofisini kuelekea langoni kupitia uwanjani, jua likiwa kali, hakuna ukungu hata kidogo. Nilikuwa nikimweleza jambo fulani nilipogundua kwamba sauti yake inatoka mbali. Yeye alikuwa amekwenda moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimepinda kushoto, na kichwa changu nilikuwa nimekiinamisha.

“Madam!” aliniita akicheka, sanduku kichwani. “Mbona unapiga kona?”

“Ni mazoea tu,” nilimjibu.

Hakuniuliza mazoea ya nani.